Kutoka Bombay Hadi Kalkuta, Pamoja na Kusimama

Mjukuu wangu anasoma Uhindi. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu majirani hapa Kimanga, Uvira, wamechoka kulisikia na nyinyi bado. Juzi alinipigia simu, sura yake imejaa kwenye kioo, akaniambia kesho anapanda ndege kutoka Mumbai kwenda Kolkata kumtembelea rafiki yake.

"Ni mbali, Koko. Hauwezi kujua."

"Ni kilomita elfu moja na mia sita na kidogo," nikamjibu. "Zamani miji hiyo iliitwa Bombay na Kalkuta. Ndege ya mapanga inakwenda masaa manne."

Akacheka mpaka sura ikatoka kwenye kioo.

"Nani alikuambia? Weye hata Kigoma haujafika!"

Kweli, sijafika Kigoma. Nimefika Bujumbura, nimefika Bukavu mara mbili, na mara moja Baraka, kwenye kilio. Shule nilisoma hadi mwaka wa nne, na huo wa nne sikuumaliza. Lakini umbali wa Bombay na Kalkuta ninaujua kuliko wa kutoka hapa hadi Kinshasa, na kosa si langu. Kosa ni la ukuta wa darasa letu.

Ukuta huo ulikuwa na ramani tatu: ya Ubelgiji, ya Kongo na ya Asia. Uhuru ulipokuja, mkuu wa shule, mzungu, aliikunja Ubelgiji yake akaondoka nayo kwapani kama mkeka. Ya Kongo ilichukuliwa na vijana siku ya sherehe, wakaibeba mbele ya gwaride. Ikanyeshewa, ikapita mkono kwa mkono, hatukuiona tena. Asia haikuombwa na mtu. Ikabaki.

Basi mwalimu mpya, kijana wa kwetu mwenye baiskeli na kaptula iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali, akatufundisha kila kitu kwa Asia. Milima ilikuwa ya Asia. Mito ilikuwa ya Asia. Nilijua Rangoon iko wapi kabla ya kujua Kindu iko wapi. Mtu anaweza kucheka, lakini tungefanya nini? Ndiyo ramani iliyokuwepo.

Kitu alichokipenda mwalimu yule kuliko chakula ni hesabu za safari. Kila juma mmoja wetu alichomoa uzi kwenye upindo wa nguo yake. Mama zetu walimlaani. Mwalimu aliunyosha uzi ule kutoka mji hadi mji, akaubana kwa kucha, kisha akaushusha kwenye ngazi ndogo iliyochorwa chini ya ramani, ile inayosema kidole kimoja ni kilomita ngapi. Hapo tunapata umbali. Halafu anatuambia ndege inakwenda kilomita ngapi kwa saa moja, tunagawanya, tunapata masaa. Ni hilo tu. Sijapata kujifunza kitu kingine kizuri hivyo. Kwamba unaweza kukaa Uvira, uzi wa gauni lako mkononi, ukajua mtu aliye Asia atafika lini!

Siku ya mtihani akaandika ubaoni: ndege inatoka Bombay inakwenda Kalkuta. Uzi ulitoka kwenye nguo yangu mimi, kwa hiyo niliiona hesabu ni mali yangu. Kilomita elfu moja na mia sita na kidogo, kidogo tukakitupa. Ndege inakwenda kilomita mia nne kwa saa. Itafika baada ya masaa mangapi?

Darasa zima liliandika manne. Mimi nikaandika sita.

Mwalimu akanisimamisha. "Weye, gawanya hapa mbele ya wenzako."

Nikagawanya. Ikatoka nne.

"Sasa hii sita umeitoa wapi?"

"Mwalimu, nne ni za kwenda. Mbili ni za kusimama."

"Kusimama kufanya nini?"

"Kula. Na kujisaidia. Na kama wanapita kwa watu wanaowajua, kusalimia."

Wenzangu walilala juu ya madawati kwa kucheka. Mwalimu mwenyewe alijifuta macho kwa mkono wenye chaki akatoka mweupe kama mzimu. "Mutoto huyu! Ndege iko mbinguni. Itamusalimia nani, malaika?" Akanikata pointi mbili. Tangu siku hiyo, nikipita na ndoo kichwani, wavulana walinipigia kelele: "Kalkuta! Simama basi utusalimie!"

Niliumia. Siyo kwa ajili ya jina. Niliumia kwa sababu nilijua nina haki. Baba yangu, aliyefariki miezi michache kabla ya mtihani ule, alikuwa mfanyakazi wa barabara, anaijua barabara ya bonde la Ruzizi kama anavyojua meno yake, na kila mara alisema Bwegera iko kilomita hamsini na tano kutoka nyumbani kwetu. Mama alikuwa anaitembea njia hiyo kila msimu, kwa sababu shamba letu la mpunga lilikuwa kule. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona mtu anayetoka mahali akafika mahali bila kusimama.

Hesabu hiyo ilikuwa ya mwisho. Kabla ya mwezi kwisha, uasi ulitujia kutoka mlimani na kutoka bondeni kwa pamoja. Shule ilifungwa, na Asia ikabaki ukutani peke yake.

Mimi si mtu wa kueleza vita. Walioelewa nani anapigana na nani waeleze wao. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, na nilichoelewa ni kwamba mama yangu alikuwa Bwegera kuvuna, na mtoto mchanga mgongoni, na mimi nilikuwa Uvira kwa nyanya, mama yake mama, pamoja na wadogo zangu wawili. Risasi zilisikika upande wa bonde. Watu wa mtaa wakaanza kuvuka kwenda Burundi, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi.

Jirani yetu, mvuvi, alikuwa na mtumbwi mkubwa. Alikubali kutuchukua na familia yake. Alikuja asubuhi akasimama mlangoni, hakutaka hata kuketi.

"Koko," akamwambia nyanya, "leo hii njo mwisho. Kivuli ya mlima ikigusa maji, minye ninasukuma mutumbwi. Ukiwa ndani, uko ndani. Ukiwa inje, Mungu akulinde."

Anayeijua Uvira anajua kivuli hicho. Kwetu jua linatoka ziwani, upande wa Burundi, na linakwenda kujificha nyuma ya mlima mapema, kabla ya siku kwisha. Alasiri kivuli kinashuka mlimani, kinapita juu ya mapaa ya nyumba, kinavuka barabara, kinaingia ziwani. Hakuna saa nyingine tuliyokuwa nayo.

Nyanya alikubali. Angefanya nini? Tulikuwa watoto watatu mikononi mwake. Na habari za mama zilikuwa mbaya. Muuza mchele mwenye baiskeli alikuwa amemwona jana yake, jua linatoka, akianza safari kutoka Bwegera na wanawake wengine wanne. Wale wanne walifika kwetu siku hiyo saa nne asubuhi, miguu imevimba. Mama hakuwa nao.

"Alibakia nyuma," wakasema. "Tulimwita. Alisema tutangulie."

"Alibakia wapi?"

"Mbele ya Sange, katikati ya njia. Kisha tukasikia risasi." Wakatazama chini.

Kisha wakaenda zao. Nyanya hakulia. Alikuwa mwanamke mfupi, mgumu, anatafuna tumbaku, na machozi aliyaona kama maji ya kunawia: yana saa yake. Lakini niliona anafanya kitu kimoja. Alikwenda pembeni akachota maji kwenye sufuria kubwa, akaiweka karibu na mafiga.

Ni lazima niseme hapa desturi ya nyumba yetu. Mtu akiwa njiani, moto wake hauzimwi. Unaweza kuupunguza, unaweza kuufukia majivu, lakini kaa moja libaki hai mpaka arudi. Na aliye mkubwa katika wanawake wa nyumba ndiye peke yake anayeweza kuuzima. Akiuzima kabla mtu hajafika, maana yake amekubali kwamba hafiki. Hakuna anayesema neno. Maji yanamwagwa, na kilio kinaanza.

Na hatuhami nyumba tukiacha moto ukiwaka.

Saa za mchana zilikwenda. Wadogo zangu walishakaa juu ya mafurushi. Kivuli kilishuka kikafika kwenye mteremko wa mlima, kikafika kwenye mapaa ya juu. Nyanya akasimama, akaishika ile sufuria kwa mikono miwili.

Mimi nikaenda kukaa chini kati ya maji na moto. Joto lilinichoma mgongo.

"Toka hapo."

"Koko, hajachelewa."

"Wenzake wamefika saa ine ya asubui!"

"Wenzake hawana mutoto mugongoni. Hawana mpunga juu ya kichwa. Koko, ngoja nifanye hesabu."

"Hesabu ya nini? Mama yako si ndege!"

Unaona, hata nyanya alikuwa amesikia habari za Kalkuta.

Nikachomoa uzi kwenye upindo. Sikuuhitaji, lakini bila uzi akili yangu haikutaka kwenda. Nikaunyosha juu ya udongo. Nikamwambia: baba alisema kilomita hamsini na tano. Mtu mwenye mzigo anatembea kilomita nne kwa saa moja, mwalimu alitupimisha uwanjani. Hayo ni masaa kumi na manne, karibu. Usiku hatembei mtu, na mchana ni masaa kumi na mawili. Jana alianza jua likitoka. Kama angetembea tu, bila kusimama, angelala njiani na kufika asubuhi kama wenzake. Lakini lazima anasimama kunyonyesha. Anasimama kutua mzigo. Gari la wenye bunduki likisikika, anaingia kwenye matete mpaka lipite. Kila masaa mawili ya kwenda nikampa saa moja ya kusimama, na juu yake masaa mawili ya kujificha. Nikahesabu kwa vijiti, kila kijiti nusu saa, nikahesabu tena.

"Saa kumi na moja," nikasema. "Leo. Atafika saa kumi na moja."

Kivuli huwa kinagusa maji saa kumi, au saa kumi na nusu.

Nilingoja anipige kofi. Nyanya akatua sufuria chini. Akainama akatazama vijiti vyangu kama mtu anayechagua samaki sokoni, akitafuta yule aliyeoza.

"Unakosea," akasema.

Nikanyosha mkono kuvikusanya vijiti.

"Umesahau muto ya Kiliba. Mvua imenyesha juzi, hawezi kupita chini, lazima azunguke. Weka kijiti."

Nikaweka.

"Na ule ni binti yangu, nilimuzaa minye. Hajapita mbele ya mulango wa muntu bila kusalimia tangu ajue kusema. Hata vita haimuponyeshi ile ugonjwa. Weka kingine."

Nikaweka.

"Inafika wapi?"

"Saa kumi na mbili, Koko. Karibu na giza."

"Basi saa kumi na mbili," akasema, kama mtu anayekubali bei. Na pale pale nikaona uso wake umebadilika. Hesabu yangu asingeiamini, ya mtoto wa mwaka wa nne mwenye pointi zilizokatwa. Lakini hiyo sasa ilikuwa na vijiti vyake mwenyewe ndani.

Mvuvi akaja. Kivuli kilikuwa kimevuka barabara.

"Koko, twende."

"Mutoto wangu anafika saa kumi na mbili."

"Nani amesema?"

"Tumehesabu."

Mvuvi akatazama vijiti, akanitazama mimi, akatazama mbingu. "Koko, niko na muke, niko na batoto tano, niko na mama-mkwe ndani ya mutumbwi na anashika mbuzi. Siwezi kungoja vijiti."

Nyanya hakubishana. Mvuvi alikuja na kasia moja mkononi, ameliegemeza ukutani wakati akisema. Nyanya akalichukua, akalilaza juu ya mafiga, upande wa mpini, ukapita juu ya makaa kama mshikaki.

"Koko! Unafanya nini?"

"Ninapika. Keti. Ukilivuta, ninaongeza kuni."

"Utaunguza kasia!"

"Basi tutapiga maji na mikono. Keti."

Alikuwa mtu mzima, mwenye nguvu, angeweza kumsukuma kikongwe yule kwa kidole kimoja. Lakini akaketi. Nafikiri alifurahi kulazimishwa. Mtu anayesukuma mtumbwi akiacha mama wa watoto nyuma anakaa na jambo hilo miaka mingi. Aliketi akilaani polepole, na kila baada ya muda nyanya aligeuza kasia ili lisiungue sehemu moja.

Kivuli kikagusa maji. Nilikiona. Kikaingia ziwani, kikaenda mbele, kikaenda. Mama-mkwe wa mvuvi alikuwa anaita kutoka ufukweni, na mbuzi anaita pamoja naye. Uvira ikawa ya kijivu yote. Ni milima ya Burundi tu, ng'ambo, iliyobaki na jua, nyekundu kama udongo wa chungu kipya, na jua hilo nalo likaanza kupanda kuelekea vileleni. Nikasema moyoni: likifika juu kabisa, basi nimewaua watu wote hawa kwa sababu ya Bombay.

Alikuja kwa upande tusioutazama. Sote tulikodolea macho barabara. Yeye alitoka ufukweni, kwenye matete, kikwembe alichojifunga kimelowa hadi kiunoni, mtoto mgongoni amelala kama hakuna linalotokea duniani. Kichwani hakuna mpunga. Akasimama mlangoni akatutazama: mafurushi, vijiti chini, mvuvi ameketi, kasia juu ya moto.

"Munapika kasia?" akauliza.

Mdogo wangu ndiye aliyemrukia kwanza.

Nyanya hata hakusimama. "Weye," akasema, "ulikuwa unasalimia nani tena?"

"Mama, pale mbele ya Sange kulikuwa mwanamuke anazaa kando ya njia, peke yake. Ningemupita?"

"Amezaa nini?"

"Binti."

"Muzima?"

"Muzima. Mpunga nimemuachia, hakuwa na kitu."

"Mm," akasema nyanya. Akamtazama kwa muda, kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayehakikisha hakuna kilichopungua. Kisha akanigeukia. "Hiyo ya kuzalisha hatukuiwekea kijiti. Ametembea mbio. Nilisema unakosea."

Akaondoa kasia, akamtupia mvuvi. Akainua ile sufuria iliyongoja tangu mchana na kumwaga maji yote juu ya moto. Mvuke ukapanda mpaka kwenye paa, majivu yakaturukia usoni, na mimi nikacheka, sijui kwa nini, nikacheka mpaka nikalia. Nimesikia vitu vingi vizuri maishani: vigelegele vya arusi yangu, sauti za watoto wangu wanane wakizaliwa. Lakini sauti ya moto ule kuzimwa, na mama yangu amesimama hapo anauliza kama kuna maji ya kunywa, hakuna kilichoishinda.

Tulivuka. Mbuzi alitapika juu ya mafurushi yetu.

Ng'ambo tulipewa mahali pa kukaa pamoja na wengi waliokimbia, na siku chache baadaye, kwenye mstari wa kuchota maji, nikamwona mwalimu. Baiskeli hakuwa nayo. Kaptula ile ile, lakini makali ya pasi yameisha. Nilitaka kujificha, ila ndoo ilikuwa kichwani.

"Kalkuta," akaniita, kwa upole. "Mumefika wote?"

Nikamwambia wote, na nikamweleza habari yote pale pale kwenye mstari: kilomita hamsini na tano, vijiti, mto, kusalimia, kasia. Alisikiliza hadi mwisho. Watu nyuma yetu walipiga kelele tusogee, naye hakusogea.

"Nilikukata pointi mbili," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nakurudishia. Kwa ile ya mama yako." Kisha akainua kidole, maana mwalimu ni mwalimu hata akiwa na ndoo. "Lakini ndege ni masaa manne."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema, na sikumaanisha.

Nilirudi mbio kwa mama, nusu ya maji imemwagika mabegani. Alikuwa ameketi juu ya mkeka wa kuazimwa, ananyonyesha, nyanya kando yake anatafuna tumbaku ya kuombwa, na mboga isiyo na chumvi inachemka mbele yao.

"Mama, mwalimu amenirudishia pointi zangu mbili!"

Mama akafikiri. Shule hakuwahi kuiona kwa ndani.

"Ni vizuri," akasema. "Na chumvi, hakukupa?"